Ombi la Kurudishiwa Neno Bosi

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Salamu nyingi sana, na poleni na kazi ya kulinda maneno ya watu, kazi ambayo nadhani haina likizo.

Mimi ni mtumiaji wa kamusi yenu wa siku nyingi. Ninayo nyumbani, ile nene yenye jalada gumu, na nakiri kwa unyenyekevu kwamba kwa muda mrefu ilikuwa inazuia mlango wa jikoni usijibamize kwa upepo. Juzijuzi niliiondoa pale mlangoni, nikaipangusa, nikatafuta neno moja tu. Mmeandika kwamba bosi ni mtu anayesimamia wengine kazini, mkubwa wa kazi. Nilisoma mara mbili kimoyomoyo, kisha nikamsomea mke wangu kwa sauti. Mlango ulijibamiza na kikombe kikadondoka kabatini, lakini sikujali. Nilikuwa nimethibitishwa na wataalamu.

Maana mimi, Ndugu Mhariri, ni bosi. Nimeteuliwa hivi karibuni kuwa Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi katika kiwanda cha magodoro. Tafadhali msicheke, nimeshachekwa na wanaohusika. Kazi ya kitengo ni kuhakikisha kwamba godoro linalotoka getini ni godoro kweli. Tunapima unene, tunabonyeza pembe, tunanusa gundi, na mwisho mmoja wetu analala juu yake kidogo na kuamka na uamuzi. Kitengo kina watu wawili, nikiwemo mimi. Wa pili ni dada mmoja tunayemwita Kipimo, kwa sababu tepu yake ya kupimia haijawahi kutoka shingoni, hata siku za sherehe. Yeye anapima, mimi nalala. Pamoja na cheo nilipewa kiti cha kuzunguka, ufunguo wa kabati, na hilo neno. Kiti kinazunguka upande mmoja tu. Kabati halijawahi kufungika. Neno ndilo nililokuwa nalisubiri kwa miaka yote niliyokuwa naibu wa mkuu ambaye hakuwa akilala vizuri, na nilipolipokea nikakuta limeshavaliwa na kila mtu mpaka limepwaya.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nitaeleza malalamiko yangu kwa namba ili msipate tabu kuyajibu.

1. Neno linatolewa ovyo barabarani. Ninapotoka nyumbani asubuhi, mtu wa kwanza kuniita bosi ni kijana anayetaka nisogee apitishe mkokoteni. Wa pili ni kinyozi aliyesimama mlangoni kwake, anayenitazama kichwani na kusema, "Bosi, hiyo tutaiacha mpaka lini?" Wa tatu ni mtu aliyenikanyaga: "Pole bosi." Wa nne ni mtu niliyemkanyaga mimi: "Bosi, huoni?" Kisha hukutana na yule tuliyesoma naye, ambaye amesahau jina langu kama mimi nilivyosahau lake, na tunakumbatiana kwa furaha kubwa tukiitana bosi, bosi, mpaka tunaachana salama bila mmoja wetu kufumaniwa. Nikifika kazini nimeshaitwa bosi na watu ambao hakuna hata mmoja ninayemsimamia, na mimi nimeshawajibu wote "Sawa bosi." Kwa maneno mengine, njia nzima imejaa mabosi, na mfanyakazi ni mimi peke yangu.

Najua neno lenyewe si letu. Tulilipokea kwa Waingereza pamoja na geti, ofisi na foleni. Jirani yangu anayefundisha Kiingereza ameniambia kwamba wenyewe hulitumia kwa mkubwa wa kazi, na mkubwa akishatoka chumbani huliongezea maneno mengine. Hilo naliheshimu, ni matumizi yenye mpangilio. Sisi tumelichukua, tumelifua kwa maji moto, sasa linamkaa mtu yeyote.

2. Linatumika kunikatalia. Nilipomwambia Kipimo, siku yangu ya kwanza ya ukuu, kwamba kuanzia sasa tutaanza kwa kubonyeza kabla ya kupima, alinijibu, "Sawa bosi." Nilifurahi. Nilizunguka na kiti upande unaozunguka. Kisha nikamwona anapima kwanza, anabonyeza baadaye, kama kawaida, bila hasira wala haraka. Nimefanya uchunguzi na kugundua kwamba "sawa" peke yake inamaanisha atafanya, "sawa kaka" inamaanisha atafanya kwa sababu ananipenda, lakini "sawa bosi" inamaanisha nimekusikia na tuishie hapo. Ombi langu ni kwamba kamusi iandike wazi kama bosi ni mtu anayetii au anayetiiwa, kwa sababu katika kitengo chetu jambo hili halijaamuliwa.

3. Linapewa wasiokuwa na sifa. Mtoto wa dada yangu hana meno, hana suruali, na hajui kutembea, lakini ukoo mzima unamwita bosi. Akilia, "Bosi anataka nini?" Akinyamaza, "Bosi ameridhika." Jumamosi nilikuwa nimembeba sebuleni. Fundi bomba akapita akasema, "Mambo bosi," nami nikaitikia kwa sauti nzito. Akanitazama kwa huruma. Alikuwa anamsalimia mtoto.

4. (Lalamiko la nne nimeliondoa kwa ombi la mke wangu, ambaye alisoma nikiwa naoga na kusema linamhusu yeye. Nimeiacha namba ili mjue lilikuwepo na lilikuwa na nguvu.)

5. Hili ndilo lililotakiwa liwe la kwanza, ila nilikuwa natafuta ujasiri.

Ninaye baba mkwe. Ni fundi seremala mstaafu, mtu mrefu mwenye mikono mikubwa, ambaye alikuwa na karakana yake na wanafunzi wake, na maisha yake yote ameitwa Fundi. Hakuwahi kuhitaji neno jingine. Kwa sasa anakaa kwetu kwa ajili ya matibabu ya goti, na asubuhi hupelekwa kliniki kufanya mazoezi. Ninamheshimu sana. Tatizo ni kwamba tangu nimuoe binti yake, huyu mzee hajawahi kuniita. Sisemi kuniita vibaya. Hajaniita kabisa. Akitaka jambo kwangu humwambia mke wangu: "Mwambie mumeo anisogezee kiti." Mimi nimekaa pembeni, magoti yetu karibu yanagusana. Mke wangu hugeuka na kuniambia, "Baba anasema umsogezee kiti." Nami hujibu, "Mwambie baba nakisogeza." Kisha nakisogeza.

Hatujagombana hata siku moja. Ili watu wagombane lazima kwanza waitane. Mke wangu anasema baba yake ni mtu wa haya tu, kwamba "mwanangu" analiona ni la wanawe, "mkwe" analiona zito, jina langu analiona si heshima, na akikosa neno hunyamaza. Huenda ni kweli. Lakini mtu ukikaa mezani na mtu kila sikukuu, mwaka hadi mwaka, ukampisha mlangoni, ukamsalimia shikamoo akautazama ukuta akasema marahaba, kuna jambo linakuuma ambalo huwezi kumwonyesha daktari. Nilipopewa cheo nilijiambia, sasa nimepata jina. Hakuna mtu atakayeshindwa kumwita bosi bosi.

Kwa hiyo nilipanga. Kiwanda kiko njiani kuelekea kliniki. Nilipanga siku moja nimpitishe mzee aone ninapofanya kazi, na asikie kwa masikio yake ninavyoitwa. Jioni ya kabla yake nilimwendea mlinzi wa geti kwa siri, nikamweleza kwa aibu kwamba kesho nitakuja na mkwe wangu, na kama haitamkera, nikifika aniite bosi kwa sauti ya kusikika. Akaniambia, "Hakuna shida bosi." Hapo hapo ningetakiwa kuona hatari.

Kesho yake tulifika kwa bajaji. Mlinzi alituona, akaruka kutoka kwenye kibanda, akafungua geti lote, pande zote mbili, jambo analolifanya kwa malori tu. Kisha akamwona mzee anashuka na fimbo yake, urefu ule, mvi zile. Mlinzi ni mtu aliyelelewa vizuri. Heshima ilimzidi nguvu. Akainama mbele ya baba mkwe akasema, "Shikamoo bosi! Karibu sana bosi wetu!" Akamgeukia dereva wa bajaji: "Asante bosi, geuzia pale." Ndipo akanikumbuka, akasema, "Na wewe bosi, karibu." Nilikuwa wa tatu getini kwangu, nyuma ya bajaji.

Ndani ilikuwa vilevile. Anayechanganya gundi alimwambia mzee, "Bosi, kaa mbali kidogo, inapanda kichwani." Mama wa chai akamuuliza, "Bosi nikuwekee sukari?" Nikasema moyoni, tulia, bado kuna Kipimo. Kipimo nilikuwa nimemwomba kwa unyenyekevu mkubwa zaidi, na yeye ni mtu wa ahadi. Alitukuta katikati ya ukumbi, akajiweka sawa, akarekebisha tepu shingoni, akaita kwa sauti iliyofika hadi kwenye mashine ya kukata sponji: "BOSI!"

Aligeuka mpakiaji. Akageuka mhasibu aliyekuwa anapita na kikombe. Akageuka dereva wa bajaji, ambaye sijui aliingiaje. Baba mkwe naye akageuka, kwa adabu, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameshazoea. Mimi peke yangu sikugeuka. Naomba mniamini, sikujua kama naitwa mimi. Nilikuwa nainama kuchunguza pembe ya godoro ambayo haikuwa na tatizo lolote, nikisubiri kwa hamu kuitwa bosi.

Jioni, tukiwa mezani, baba mkwe alimwambia mke wangu, "Mwambie mumeo kazini kwao nimepapenda. Watu wana adabu." Nikasogea mbele. Akatafuna, akafikiri, akaendelea: "Mabosi ni wengi, lakini ni watu wa adabu. Hebu muulize, yeye yuko chini ya yupi?"

Mke wangu alinigeukia ili anipe ujumbe. Alipofungua mdomo, kicheko kilitoka kabla ya ujumbe, na ikabidi aende jikoni. Nilibaki na mzee. Tulitazamana. Hakukuwa na mtu wa kutufikishia maneno, kwa hiyo tukamaliza kula kimya.

6. Kutokana na hayo, naona hatari kwa jamii nzima, na hapa nasema kama raia, si kama mkwe. Mtu akiitwa bosi mchana kutwa, jioni huanza kuamini. Wote tukishaamini, nani atabeba? Nani atasogeza kiti? Mkokoteni utasimama katikati ya njia, mbele bosi, nyuma bosi, kila mmoja akisubiri mwenzake atume mtu. Watoto watazaliwa wakiwa wameshapandishwa cheo. Na sisi wachache tulioteuliwa kihalali, kwa barua yenye muhuri, tutatambulikaje? Tutavaa kengele?

Baada ya kutafakari kwa kina, juu ya magodoro kadhaa, naomba yafuatayo.

(a) Kamusi itoe tamko kwamba kuanzia toleo lijalo neno bosi litatumika kwa walioteuliwa tu. Wengine warudi kwenye maneno yao ya zamani, ambayo yapo, ni mazima, na hayana kosa: kaka, dada, mjomba, shangazi, fundi, mzee, jirani, ndugu. Mengi yamekaa bure na yatafurahi kupata kazi.

(b) Wanaosahau majina ya watu wapewe neno lao maalumu, mtakalolichagua ninyi. Tusilaumiwe kwa kutowasaidia.

(c) Wateuliwa halali wapewe beji. Mimi naweza kuvaa yangu hata nyumbani, hasa wakati wa chakula cha jioni, upande unaotazamana na baba mkwe.

(d) Wateuliwe wakaguzi wa neno, wapite mitaani, wasikilize, na panapotumika vibaya walichukue. Najitolea. Nina uzoefu wa kutambua kitu kilichopwaya kwa kukibonyeza tu. Kipimo naye yuko tayari, ingawa nilipomweleza alijibu, "Sawa bosi," kwa hiyo msimtegemee.

(e) Kama yote hayo ni mazito, basi naomba dogo. Andikeni barua moja, kwa karatasi yenye nembo yenu, mumweleze baba mkwe kwamba kwa mujibu wa kamusi mimi ni bosi, na kwamba anaruhusiwa kuniita hivyo bila kupoteza heshima yake. Anaheshimu sana vitabu. Mtampata kwangu mpaka goti lipone.

Najua mtasema hili si jukumu la kamusi. Nimejiuliza pia. Nimeona kwamba mlinzi wa geti alinisahau, ukoo ulikataa, Kipimo alikubali, ambako ni kukataa, na mke wangu bado anacheka kila akiona bajaji. Mmebaki ninyi. Kama mwenye maneno hawezi kumrudishia mtu neno lake, sijui nimlilie nani mwingine. Na ukweli, Ndugu Mhariri, nikiuweka mezani bila kitambaa, sihitaji neno lote. Litanitosha mara moja tu, kutoka kwenye mdomo mmoja. Hata angeniita "wewe" ningeshukuru, ila niliona aibu kuomba "wewe" kwa maandishi, ndiyo maana nikaomba kubwa.

Natanguliza shukrani kwa hatua mtakazochukua. Nisalimieni wahariri wenzenu, wachapaji, wasahihishaji, na hasa yule anayepanga maneno yasigongane, maana najua kazi ya kutenganisha wanaofanana. Hapa kiwandani wote wanawasalimu, akiwemo mama wa chai, ambaye amesema niwaite mabosi, nami nimekataa. Mke wangu anawasalimu pia. Baba mkwe hajui kama nawaandikia, lakini naamini angewasalimu kupitia kwa binti yake.

Wenu katika matumizi sahihi ya lugha,

Mkuu wa Kitengo cha Ukaguzi,
Kiwanda cha Magodoro.

Baada ya kutia sahihi:

Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuichana. Leo asubuhi mke wangu aliwahi kutoka, ana kikao shuleni kwake. Nilikuwa chumbani natafuta stempu. Nikasikia baba mkwe anakohoa ukumbini. Akakohoa tena. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, "Mwambie mumeo." Nikasikia, "Nanii..." kisha kimya kirefu, mpaka nikaanza kumwonea huruma, maana nilijua anatafuta neno na nilijua halipo. Kisha akaita: "Bosi!"

Nilidhani anaongea na mtu dirishani. Akaita tena, kwa sauti ya kukerwa kidogo: "Bosi, si nakuita wewe? Hebu njoo unifunge kiatu, goti halikunjiki."

Nilikwenda. Nilipiga magoti sakafuni nikafunga. Na alipokwisha kulipata neno, Ndugu Mhariri, hakuliachia tena. Usikaze sana bosi. Kamba hii fupi bosi, nani alinunua kamba fupi hivi? Akaniuliza godoro la mtu mwenye goti bovu linatakiwa liwe gumu au laini, nikamweleza, akabisha, nikabisha. Tumebishana kidogo juu ya sponji. Hatujawahi kubishana. Alilitumia kama wanavyolitumia wote, mwenye mkokoteni, kinyozi, yule aliyesahau jina langu. Hakuwa na habari na cheo changu hata kidogo. Kama lingekuwa ni neno langu peke yangu, lenye beji, angeliona zito kama yale mengine, na angebaki pale ukumbini anakohoa mpaka mke wangu arudi.

Kwa hiyo naomba msiguse kitu. Futeni (a) mpaka (e), na malalamiko yote, pamoja na lile la nne. Liacheni neno lilivyo, limpwaye kila mtu, lizurure, apewe hata dereva wa bajaji na mtoto wa dada yangu. Kama ni lazima muongeze jambo katika toleo lijalo, ongezeni kwa herufi ndogo kwamba ni neno la kumwitia mtu ambaye umekaa naye miaka bila kujua umwiteje.

Ningeandika zaidi, lakini mzee ananiita kutoka ukumbini. Anasema kiatu cha kushoto kimebana.